Ofisi Inapobadilika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimekuwa afisa utumishi kwa zaidi ya miaka 20. Nilianzia Dar es Salaam, nikahamia Dodoma pamoja na ofisi. Nimeandika barua za uhamisho nyingi, na siku moja nikakaa upande wa pili wa meza nikapewa ya kwangu. Haya ndiyo maswali ninayoletewa kila ofisi inapohama, inapounganishwa na nyingine, inapoleta mfumo mpya au inapopunguza watu. Nimeyajibu hapa kama ninavyoyajibu mtu anapofunga mlango na kuvuta kiti.

Kuna tetesi kwamba idara yetu inaunganishwa na nyingine. Bosi yuko kimya. Niamini redio mbao au nisubiri tangazo?

Uliza. Watu husema lisemwalo lipo, na kweli redio mbao mara nyingi huwa na nusu ya habari. Dereva aliyekuwa akiwasubiri wakubwa nje ya ukumbi alisikia neno "kuunganisha", hakusikia kwamba wanaunganisha daftari mbili za ununuzi. Nusu iliyobaki hujazwa na hofu ya kila anayeipokea, na ikifika kwako tayari watu 40 wameshafukuzwa kazi.

Mfuate msimamizi wako wa karibu, faraghani, na umuulize swali ambalo anaweza kulijibu. Swali la "Mama, ni kweli tunafukuzwa?" linamweka pabaya. Jaribu hivi: "Mama, shikamoo. Nimesikia watu wanazungumzia habari ya kuunganishwa. Sikuombi siri za vikao. Naomba tu kujua kama kuna jambo limeshaamuliwa linalotugusa sisi wa uhasibu, na kama bado, tutegemee kuambiwa lini." Hata akijibu "bado, nadhani mwisho wa mwezi", umeondoka na tarehe.

Mimi ni msimamizi. Nimeambiwa nisiseme lolote mpaka bodi iamue. Watu wangu niwaambie nini?

Waambie ni nini kimeamuliwa, ni nini bado, na ni siku gani utarudi kwao. Hilo halivunji siri yoyote.

Niliwahi kufanya kazi chini ya meneja mmoja wakati taasisi ikifikiria kufunga kimojawapo cha vituo vyake. Alituita Jumatatu saa mbili asubuhi, akachora mistari miwili kwenye ubao zikapatikana safu tatu. Juu ya ya kwanza akaandika "Limeamuliwa", ya pili "Bado", ya tatu "Sijui, nitauliza". Chini ya "Limeamuliwa" palikuwa na kitu kimoja tu: mishahara ya mwezi huo na unaofuata haiguswi. Chini ya "Bado" aliandika kituo kipi kitafungwa, na pembeni yake: bodi inakaa Alhamisi, nitawaambia Ijumaa saa nne. Safu ya tatu tuliijaza sisi kwa maswali yetu, yeye akiandika kila moja bila kulipinga.

Ijumaa saa nne akaja. Bodi ilikuwa haijaamua. Akasimama mbele yetu akasema vilevile: "Bodi haijaamua, kikao kimeahirishwa hadi tarehe 14. Tarehe 15 nitakuwa hapa." Hakuwa na habari yoyote mkononi, lakini alikuja. Grupu la WhatsApp la idara, lililokuwa likiwaka moto wiki nzima, lilitulia jioni ile.

Ninaona wasimamizi wengi wakikosea hapo. Wanadhani wasipokuwa na jibu hawana sababu ya kuitisha kikao. Wafanyakazi nao, wakiona kiongozi wao anapita koridoni haraka na simu sikioni, wanajijibu wenyewe. Na tafadhali, neno "msiwe na wasiwasi" liache. Mtu mwenye mkopo wa benki na watoto wawili shule hawezi kuacha wasiwasi kwa kuamriwa.

Tunaambiwa tuwe wanyumbufu. Maana yake ni kukubali kila kitu?

Hapana, na hili naomba lieleweke vizuri kwa sababu neno unyumbufu limetumika kuwanyamazisha watu.

Kuna namna kazi inavyofanyika, na kuna masharti ya ajira. Kubadilishiwa meza, mpangilio wa zamu ndani ya saa zilezile, fomu mpya, utaratibu mpya wa kuandika ripoti: hayo ni namna ya kufanya kazi, na ndipo pa kujikunja. Jaribu kwa moyo mweupe wiki mbili tatu kabla ya kusema haifai. Lakini mshahara, kituo cha kazi, cheo, aina ya mkataba na saa za kazi ni masharti. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Yakibadilika, ayarekebishe kwa kushauriana naye na amjulishe kwa maandishi. Mashauriano yanayotajwa hapo ni mazungumzo ya pande mbili. Karatasi uliyowekewa mezani usaini kabla ya saa kumi jioni haitoshi.

Kwa hiyo ukiambiwa kwa mdomo kwamba kuanzia mwezi ujao unahamia tawi jingine, jibu zuri ni lile la heshima na lenye kumbukumbu: "Nimekuelewa, kiongozi. Naomba nipate barua ili nijipange, na ningeomba tuzungumze kuhusu usafiri kabla ya tarehe hiyo." Hujakataa kazi, na hujakubali jambo usilolijua.

Umeletwa mfumo mpya wa kompyuta na mimi nakaribia kustaafu. Nitaonekana napinga mabadiliko?

Nitakujibu kwa kisa cha masijala.

Ofisi yetu ilianza kuskani mafaili ili yaingie kwenye mfumo. Masijala alikuwepo mama mmoja aliyekuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, anayejua faili lilipo kwa kutazama rangi ya mgongo wake. Alihudhuria mafunzo siku zote tatu, akaandika daftarini, hakusema neno. Kwenye taarifa ya mradi akaandikwa kuwa ni miongoni mwa wanaopinga.

Wiki moja baadaye nilimkuta ameshika mafaili mawili, jina moja, namba tofauti. Mfumo ulikuwa umeyatambua kama nakala, moja lifutwe. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, haya si mapacha. Idara iligawanywa zamani. Hili ni la kabla, hili la baada. Ukilifuta hili la kwanza, waliokuwa kazini wakati ule hawatakuwa na ushahidi wa tarehe ya kuajiriwa." Nikamuuliza kwa nini hakusema kwenye mafunzo. Akasema: "Nani aliniuliza? Waliuliza kama nimeelewa. Nilielewa."

Tangu siku hiyo, kila mfumo unapoletwa, siulizi tena "mmeelewa?" Nauliza "tukifanya hivi, nini kitaharibika?" Swali hilo huwafungua watu wa zamani, maana ndio wanaojua kwa nini utaratibu wa zamani uliwekwa. Wewe unayekaribia kustaafu, usisubiri kuulizwa. Sema unachokijua, ukitaja faili, tarehe au mteja. Ukisema "zamani tulikuwa tunafanya vizuri tu" utaonekana mpinzani. Ukisema "mafaili ya namba hizi yatapotea" utaitwa kwenye kikao cha mradi.

Kuhusu kubonyeza vitufe, mwombe kijana wa idarani akae nawe dakika 20 kila siku, siyo saa nne siku moja. Andika hatua kwa maneno yako mwenyewe. Watumishi wa umma wamepita njia hii: fomu za karatasi za OPRAS, za kupima utendaji kazi, zimeondoka ikaja PEPMIS ya kwenye kompyuta, na likizo au uhamisho sasa unaombwa kupitia ESS, mfumo wa mtandaoni ambao mtumishi hujihudumia mwenyewe. Nimewaona watu wa miaka 58 wakiwaelekeza wenzao. Mwanzoni waliomba tu maandishi kwenye skrini yakuzwe.

Bosi wangu mpya ni mdogo kwangu kiumri, nilimpokea hapa akiwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Tutaongeaje?

Swali hili watu huliuliza wakicheka kidogo, lakini linawaumiza kweli, wote wawili.

Salamu isibadilike. Kijana mwenye adabu atakuamkia shikamoo asubuhi kama zamani, nawe utaitikia marahaba, na hakuna cheo kitakachopungua hapo. Tatizo huanza baada ya salamu. Yeye anaona aibu kukupa maelekezo, kwa hiyo anayapitisha kwa mtu mwingine au anayaandika kwenye grupu. Wewe unaona umedharauliwa. Miezi miwili mbele hamsemeshani, na kila mmoja anaamini mwenzake ana kiburi.

Mkubwa ndiye anayeweza kuufungua mlango huu kwa urahisi, kwa sababu mila inampa nafasi ya kusema kwanza. Nilimwona fundi sanifu mmoja akifanya hivyo. Aliingia kwa mkuu wake mpya siku ya pili, akaketi, akamwambia: "Mwanangu, nje ya hapa wewe ni mwanangu. Humu ndani wewe ndiye mkuu. Ukiwa na kazi niambie mwenyewe, na nikikosea niambie mwenyewe, ila tukiwa wawili." Basi. Walifanya kazi pamoja mpaka mzee alipostaafu.

Na wewe kijana uliyepandishwa: mwite mzee wako faraghani kabla ya kikao cha kwanza, umweleze unachotaka kubadilisha, umwombe maoni. Usimkosoe mbele za watu. Lakini usiache kumpa kazi kwa kumwonea haya, maana hiyo nayo ni namna ya kumweka kando.

Ofisi inahamia mkoa mwingine. Nianzie wapi?

Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulifanyika mwaka 1973. Kwa zaidi ya miaka 40 tulizoea kuusikia. Kwa hiyo Julai 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia, wengi tulidhani ni maneno yaleyale. Ilipofika mwisho wa Septemba mwaka huohuo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa ameshahamia, na wizara zikaanza kufuata. Waliokuwa wamejiandaa walikuwa wachache. Nilikuwa nimetoka kulipia ada ya shule ya mwaka mzima na kodi ya nyumba ya miezi sita.

Basi ukisikia tu kwamba jambo lipo mezani, kaa na mwenza wako mwandike maswali. Tarehe ya kuripoti ni ipi, na nani anabaki kukabidhi? Nauli, gharama za mizigo, posho ya kujikimu na posho ya usumbufu vitalipwa kabla ya kuondoka au baada? Watoto wanahama katikati ya muhula au wanasubiri Desemba, kwa kuwa mwaka wa masomo huanza Januari? Kama mwenza naye ni mtumishi wa umma, maombi yake ya uhamisho wa kumfuata mwenza yaandikwe mapema, yasisubiri mpaka mizigo iwe imefungwa.

Kuhusu mazungumzo na mwajiri, leta hali yako mapema na kwa ukweli. Nimeshughulikia mtu aliyeficha kwamba anamuuguza mama yake, akaripoti kituo kipya, kisha akawa anaomba ruhusa kila Ijumaa hadi akaandikiwa barua ya onyo. Angesema mwanzo, tungemweka kwenye kundi la mwisho kuhama. Hakusema kwa kuogopa kuonekana ana visingizio. Hilo bado linaniuma, kwa sababu mimi ndiye niliyegawa zile fomu, na hazikuwa na mstari wowote wa kuuliza hali ya familia. Sasa zina mstari huo.

Watu hutawanyika pia. Baadhi hubaki ofisi ndogo, wengine hutangulia. Tuliweka desturi kwamba jambo lililokubaliwa kwa simu au kwenye korido liandikwe dokezo fupi siku hiyohiyo, ili aliye Dar es Salaam asijue jambo wiki mbili baada ya aliye Mtumba, kwenye Mji wa Serikali Dodoma. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imepunguza safari ya kutwa nzima ya basi ikawa kama saa 4, na imewaokoa wengi wenye familia pande mbili. Lakini anayehama leo asipange maisha yake yote juu ya safari za mwisho wa wiki. Uchovu wa Jumatatu huonekana kwenye kazi.

Tangazo litolewe kwa barua pepe, WhatsApp au kikao?

Habari nzito itolewe ana kwa ana, kisha ithibitishwe kwa maandishi. WhatsApp ni ya kukumbusha saa na mahali. Na wakumbuke walinzi, wahudumu na madereva, ambao barua pepe za ofisi mara nyingi hawana: wabandikiwe kwenye ubao wa matangazo na waitwe kwenye kikao kama wengine.

Tulieleza vizuri kabisa mabadiliko ya malipo, mbona watu hawaelewi?

Kwa sababu mlieleza kanuni, na mtu anataka kujua yeye atapata shilingi ngapi.

Angalia kilichotokea kwenye mafao. Agosti 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa ikawa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma, na NSSF ikabaki kwa sekta binafsi. Kuunganishwa kwenyewe watu walikupokea. Moto uliwashwa na kikokotoo kilichofuata, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, ambacho kiliwashushia malipo ya mkupuo, yale ya mara moja mtu anapostaafu, hadi asilimia 25 ya mafao wale waliokuwa wakipata 50. Desemba 2018 Rais Magufuli akaagiza kikokotoo cha zamani kiendelee. Julai 2022 kikaja kingine cha asilimia 33, na mwaka 2024 serikali ikapandisha hadi 40 kwa lile kundi la asilimia 50. Miaka yote hiyo nilipokea walimu na wauguzi wenye swali moja: "Mimi ninayestaafu mwaka kesho, nitapata ngapi, na kila mwezi ngapi?" Mada ndefu za asilimia hazikuwajibu. Nilichukua mashine ya kawaida ya kupigia hesabu, nikaandika mshahara wake kwenye karatasi, nikampigia hesabu zote mbili akiona. Wengine waliondoka na hasira, lakini walijua hasa wanakasirikia nini.

Inasemekana watu watapunguzwa. Nina haki gani, na niseme nini?

Kifungu cha 38 cha sheria ileile ya 2004 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe notisi ya kusudio hilo, atoe taarifa zote muhimu, na ashauriane kabla. Mashauriano yaguse sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza idadi, jinsi watu watakavyochaguliwa, muda, na malipo. Ashauriane na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa mahali pa kazi na wafanyakazi wasiowakilishwa nacho.

Neno la kushika hapo ni "kabla". Kikao hicho ndicho mahali pa kuleta mawazo: wengine wakubali likizo bila malipo, zamu zipunguzwe, wanaotaka kuondoka kwa hiari waondoke kwanza. Nimeona orodha ya watu 19 ikishuka hadi 11 kwa sababu kamati ya tawi la chama cha wafanyakazi ilikuja na hesabu badala ya mabango.

Kiinua mgongo kwa mujibu wa sheria si chini ya mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, kwa aliyefanya kazi angalau miezi 12 mfululizo. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, siku moja hupatikana kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 26. Mwenye 520,000 anapata 20,000 kwa siku, 140,000 kwa mwaka, na akiwa na miaka 6 ni 840,000. Hapo ongeza notisi, likizo isiyotumika, na usafiri wa kumrudisha alikoajiriwa kama kazi imeishia mahali pengine. Akiona ameachishwa isivyo haki, ana siku 30 kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Siku hizo huisha upesi mno ukiwa bado unamsubiri bosi "akupigie".

Wasomaji wa Kenya, kwenu ni Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40: notisi isiyopungua mwezi mmoja kwa chama na kwa afisa wa kazi, na siku 15 kwa kila mwaka.

Nilifoka kikaoni mabadiliko yalipotangazwa. Nimejiharibia?

Hapana, kama utarudi mapema. Nenda kesho yake asubuhi, useme, "Jana nilisema kwa hasira, naomba radhi kwa namna nilivyosema. Hoja yangu ilikuwa hii," kisha uitaje kwa utulivu. Omba radhi kwa sauti, hoja usiitupe.

Kazi za waliohama nimeachiwa mimi. Nikilalamika nitaonekana sitaki mabadiliko.

Andika orodha ya kazi zote za wiki, umpelekee msimamizi, umuulize ipi isubiri.

Mwenzangu ameondolewa, mimi nimebaki. Sijui nimwambie nini.

Wengi hukwepa. Wanaogopa simu yake, wanatoka kwenye grupu, wanageuza njia wakimwona kituo cha daladala. Yeye anaelewa kwamba pamoja na kazi amepoteza na watu.

Usimwambie "Mungu ana makusudi" siku ya kwanza, wala usimsimulie ofisi inavyoendelea. Mpigie siku ya tatu au ya nne, wakati simu za pole zimekwisha. Muulize kama cheti chake cha utumishi ameshapewa, maana anakidai kisheria na waajiri wapya hukiulizia. Kama bado, kifuatilie kwa niaba yake wewe uliye ndani. Mwulize pia alichoacha kwenye droo. Mwenzangu mmoja alipoondolewa nilimpelekea nyumbani kikombe chake, kamusi, na picha ya watoto iliyokuwa imebandikwa pembeni ya kompyuta. Alivipokea mlangoni, akanikaribisha ndani, tukanywa chai mpaka magharibi bila kuitaja ofisi hata mara moja.